UMRI UMEENDA, MGUU UMEUMIA: JINSI YA KURUDI KUKIMBIA BILA KUUMIA TENA

Leo tuache siasa kidogo. Hii ni makala ya kutunza, kwa hiyo kama uko kafe na dakika zinakuishia, wewe print tu ukasome nyumbani. Najua wengi humu ni vijana na utasema "mambo ya wazee hayo". Subiri kwanza. Nyumbani kwako yupo baba, mjomba au shangazi anayefanya jogingi kila Jumamosi na fulana ya klabu, na siku akiumia, wewe ndiye utakayeulizwa: "Hebu niangalizie huko kwenye intaneti."

Mimi niliulizwa na mjomba wangu, hapa Morogoro. Ana miaka 48. Enzi zake alikimbia mita 1500 UMISSETA, na mpaka leo ukimkuta alfajiri barabara ya kwenda Bigwa utajua huyu mtu si wa jana. Mwaka jana akaanza kuumia nyuma ya kisigino, upande wa kulia. Akapumzika wiki nne akiendesha baiskeli tu. Siku ya kwanza kurudi nikaenda naye. Nilikuwa namtania kazeeka, nikamwambia "Anko, twende mpaka kule juu, unaogopa nini?" Tukapiga kama kilomita nane. Pumzi ilikuwa safi kabisa, mimi ndiye niliyekuwa nahema. Kesho yake asubuhi hakuweza kwenda chooni bila kushika ukuta.

Baada ya miezi miwili akarudia kosa lile lile peke yake. Mara hiyo ya pili alinuna wiki nzima. Ikumbukwe daktari alishamwambia sukari yake iko mpakani, na mbio ndizo zilizokuwa zinamsaidia. Sasa mtu kama huyo ukimwambia "acha tu kukimbia, umezeeka" unakuwa hujamsaidia kitu. Ndo maana nikakaa chini nikasoma, nikauliza wataalamu wa fiziotherapia. Haya ndiyo niliyoyapata.

JAMBO KUU: PUMZI INARUDI KABLA YA KANO

Ukisahau yote, kumbuka hili. Mwili haurudi wote kwa pamoja. Moyo na mapafu vinarudi ndani ya wiki chache, hasa kama ulikuwa unaendesha baiskeli au unaogelea wakati umeumia. Misuli nayo inafuata. Lakini kano, yaani zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, zinachukua miezi.

Sababu ni kwamba kano ina damu kidogo inayopita ndani yake ukilinganisha na msuli. Damu kidogo maana yake ukarabati wa polepole. Kwa hiyo inafika siku unajisikia mzima, pumzi ipo, miguu myepesi, halafu kano haijawa tayari hata nusu. Hiyo ndiyo siku ya hatari, na ndiyo siku niliyompandisha mjomba Bigwa.

Umri unalifanya pengo hilo liwe kubwa zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kano za kisigino kwa ujanja wa ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewani kaboni ya aina fulani, na watu wote waliokuwa wanakua wakati huo waliibeba mwilini. Watafiti wakaitumia kama kalenda. Wakakuta kiini cha kano ya kisigino kinajengwa mpaka kwenye umri wa kama miaka 17, na baada ya hapo hakibadilishwi karibu kabisa. Kijana unayesoma hapa, kiini cha kano ulichonacho leo ndicho utakachozeeka nacho. Kinaweza kuimarishwa kwa mazoezi, ila hakuna kipya kinacholetwa.

MWILI UNABADILIKA VIPI UMRI UKIENDA

- Uwezo wa mwili kutumia oksijeni unashuka. Kwa mtu asiyefanya mazoezi unashuka kwa kama asilimia 10 kila miaka kumi baada ya miaka 30. Kwa anayeendelea na mazoezi unashuka kwa karibu nusu ya hapo.
- Mapigo ya juu kabisa ya moyo yanapungua. Kanuni ya haraka ni 220 toa umri wako. Mwenye miaka 20 anapata 200, mjomba wa miaka 48 anapata 172. Ni makadirio tu, ila inaonyesha kwa nini baba yako hawezi kukimbizana na wewe kilimani hata akiwa mzima.
- Misuli inapungua, hasa ile ya nguvu za ghafla. Shavu la mguu likidhoofika, mzigo wote unahamia kwenye kano.
- Mifupa inapungua uimara, na kwa akina mama kasi inaongezeka baada ya kukoma hedhi.
- Kupona kunachukua muda mrefu zaidi. Zoezi ambalo kijana analisahau kesho yake, mtu wa miaka 50 anaweza kulibeba siku mbili tatu.

Hakuna hata moja hapo linalosema "acha". Yote yanasema "badilisha ratiba".

JUA KWANZA UMEUMIA NINI

Watu wengi wanasema "mguu unauma" basi. Haitoshi, maana kila jeraha lina dawa yake.

1. Kano ya nyuma ya kisigino. Inauma na kukaza asubuhi ukitoka kitandani, inapungua ukitembea kidogo, halafu inarudi baada ya mazoezi. Ukiibana kwa vidole unakuta panauma au pamevimba. Hii inawapata sana wakimbiaji wa umri wa kati.

2. Msuli wa shavu la mguu. Mara nyingi unakuja ghafla, kama umechomwa. Mpasuko mdogo unapona kwa wiki chache, mkubwa ni miezi.

3. Goti. Maumivu yanakuja mbele kuzunguka kifuniko cha goti, hasa ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu kwenye daladala.

4. Unyayo. Unauma chini karibu na kisigino, hatua za kwanza za asubuhi ndizo mbaya zaidi.

5. Ufa wa mfupa. Huu ni hatari. Maumivu yako sehemu moja ndogo ya mfupa, unaweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, na yanazidi kadiri unavyokimbia. Wakati mwingine yanauma hata usiku ukiwa umelala. Hapa hakuna "kukimbia kidogo kidogo". Unaacha kabisa, unaenda kupimwa. Kwa kawaida mfupa unahitaji wiki 6 mpaka 8 au zaidi.

HAYA USISUBIRI, NENDA HOSPITALI

- Umesikia mlio nyuma ya kisigino kama umepigwa teke au jiwe, ukageuka hakuna mtu, na sasa huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo. Kano inaweza kuwa imekatika.
- Shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto, linauma hata ukiwa umekaa, hasa baada ya kulala kitandani siku nyingi au safari ndefu. Inaweza kuwa damu imeganda ndani. Ukiongezea kukosa pumzi, hiyo ni dharura.
- Kifua kinabana, kizunguzungu au kuzimia wakati wa mazoezi.
- Goti limevimba ghafla, linakwama au linaachia.

Na kwa yeyote aliyepita miaka 40 anayerudi baada ya muda mrefu, pima presha na sukari kabla ya kuanza. Ni vipimo vya muda mfupi sana.

ZOEZI LA NGAZI

Hapa kuna stori moja nimeipenda. Sweden kuna daktari bingwa wa mifupa anaitwa Håkan Alfredson, naye mkimbiaji wa kawaida. Kano yake ya kisigino ilikuwa inamtesa, akataka afanyiwe upasuaji. Bosi wake akakataa. Jamaa kwa hasira akaamua aiharibu vizuri ili apasuliwe: akawa anasimama kwenye ngazi na kushusha kisigino kwa nguvu, mara nyingi kila siku. Badala ya kuharibika, ikapona.

Akalifanyia utafiti akautoa mwaka 1998. Wagonjwa 15 waliokuwa wanasubiri upasuaji, wastani wa umri miaka 44, walifanya zoezi hilo wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Ni utafiti mdogo, na baadaye ilionekana sio kila mtu anapona kwa asilimia mia, lakini mpaka leo kuipa kano mzigo taratibu ndiyo njia ya kwanza wanayoanza nayo wataalamu.

Linafanyika hivi:

- Simama kwenye ukingo wa ngazi, visigino vikining'inia, shika ukuta.
- Panda juu kwa vidole ukitumia mguu mzima.
- Hamishia uzito kwenye mguu unaouma, shuka polepole mpaka kisigino kiwe chini ya usawa wa ngazi.
- Rudi juu kwa mguu mzima. Rudia mara 15, pumzika, mizunguko mitatu.
- Kisha mizunguko mitatu mingine goti likiwa limekunjwa kidogo.
- Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12.

Ukipiga hesabu ni mara 180 kwa siku. Maumivu kiasi yanaruhusiwa, maumivu ya kukufanya uchechemee hapana. Likiwa rahisi, vaa begi mgongoni lenye vitabu au mchanga.

Angalizo: kama panapouma ni chini kabisa, pale kano inaposhika mfupa wa kisigino, usishuke chini ya usawa wa ngazi. Fanya sakafuni tu. Ukishusha sana pale unaibana zaidi.

Mjomba hana ngazi nyumbani. Alitumia tofali la saruji pembeni ya mlango, huku anapiga mswaki. Majirani walimshangaa siku mbili tatu, halafu wakazoea.

MTIHANI KABLA YA KUKIMBIA

Usiulize "wiki ngapi zimepita". Jiulize kama unaweza haya:

1. Kutembea haraka dakika 30 bila maumivu, na kesho yake asubuhi hakuna kilichoongezeka.
2. Kusimama kwa mguu ulioumia na kupanda kwa vidole mara 20 mfululizo, karibu sawa na mguu mzima.
3. Kuruka kwa mguu mmoja mara 10 bila kuogopa.

Ukishindwa mmoja, bado. Mara ya pili mjomba alipojaribu kurudi, angejipima namba 2 angeishia mara 7. Hakujipima, kwa sababu pumzi ilimwambia yuko fiti.

RATIBA YA KURUDI

Siku tatu kwa wiki, kamwe sio siku mbili mfululizo. Baada ya zoezi zito kano inabomoka kidogo siku ya kwanza, halafu inaanza kujijenga kwenye siku ya pili na ya tatu. Ukikimbia kila siku unabomoa juu ya kubomoa.

Wiki ya 1: tembea dakika 4, kimbia 1. Rudia mara 6.
Wiki ya 2: tembea 3, kimbia 2. Rudia mara 6.
Wiki ya 3: tembea 2, kimbia 3. Rudia mara 6.
Wiki ya 4: tembea 1, kimbia 4. Rudia mara 6.
Wiki ya 5: tembea dakika 5, kimbia 20 mfululizo, tembea 5.

Baada ya hapo ongeza dakika chache kila wiki. Ongeza muda kwanza, kasi baadaye, vilima mwisho kabisa. Kilima kinaivuta kano ya kisigino kuliko tambarare, kwa hiyo sisi wa Morogoro tuwe makini, milima iko mlangoni.

Kimbia kwa mwendo ambao unaweza kupiga stori. Kama huwezi kumaliza sentensi, umezidisha.

Na kuna kanuni ya maumivu. Jipe maksi kutoka 0 mpaka 10. Ukiwa 0 mpaka 2, endelea. Ukiwa 3 mpaka 5, usiongeze kitu, na angalia kesho asubuhi: kama kisigino kimerudi hali yake, sawa, kama kimekaza zaidi ya jana, rudi nyuma wiki moja. Juu ya 5, acha hapo hapo, tembea nyumbani. Asubuhi ndiyo hakimu, sio wakati unakimbia, maana mwili ukipata joto unaficha mengi.

MAKOSA YANAYORUDISHA WATU KITANDANI

Kumeza dawa ya maumivu ili ukimbie. Maumivu ndiyo taarifa yako pekee, sasa ukiizima utajuaje? Tena dawa kama diklofenaki na ibuprofeni ukizinywa tumbo likiwa tupu, jua kali, mwili umekauka maji, zinaweza kuumiza tumbo na figo.

Kununua antibayotiki kiholela. Hii wengi hatuijui. Dawa za kundi la siprofloksasini, ambazo watu wananunua duka la dawa kama pipi tumbo likisumbua, zinaweza kudhoofisha kano mpaka zikachanika. Mwaka 2008 Marekani iliagiza onyo kubwa liandikwe kuhusu jambo hilo. Hatari inazidi kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Ukiandikiwa na daktari usiache mwenyewe, ila mwambie kama unakimbia na kano inauma.

Viatu vilivyokufa. Mtumba sio tatizo, mimi mwenyewe natinga mtumba. Tatizo ni soli iliyolala upande mmoja au iliyokauka ikawa ngumu kama ubao. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma, kikiinama kiache.

Kurudi kupitia mashindano. Umeshalipia, namba imeshatoka, fulana ipo, basi unajisemea "nitakimbia pole pole". Hakuna pole pole kwenye mashindano, wote tunajua.

Kukimbia na vijana. Hapa najisema mwenyewe. Ukienda na mzee anayerudi, mwache yeye ashike mwendo na kaa nyuma yake. Utani wa "umechoka babu?" unaweza kumgharimu miezi miwili.

Chakula nacho kisisahaulike. Umri ukienda mwili unahitaji protini zaidi kutunza misuli ile ile: maharage, dagaa, mayai, maziwa, samaki. Ugali mkubwa na mchuzi peke yake hautoshi. Na usingizi.

WALIOUMIA WAKARUDI

John Stephen Akhwari wetu, wa Mbulu. Kila mtu anajua Mexico mwaka 1968: alianguka kwenye maratoni, goti likaumia vibaya, akamaliza wa mwisho kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Ambacho watu hawakisemi ni kilichofuata. Mwaka 1970, akiwa na miaka 32, alikimbia maratoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh akashika nafasi ya tano kwa 2:15:05. Ile picha ya bandeji tunaipenda, lakini kwa anayerudi kutoka kwenye jeraha somo liko Edinburgh. Kumaliza ukiwa umeumia ni kwa siku moja ya Olimpiki. Jumamosi ya kawaida ya klabu haistahili goti lako.

Kenenisa Bekele wa Ethiopia aliumia shavu la mguu mwaka 2010 akakaa nje muda mrefu, wengi wakasema kwisha kazi. Mwaka 2019 akashinda Berlin kwa 2:01:41 akiwa na miaka 37, na mwaka 2024, akiwa na miaka 41, akawa wa pili London kwa 2:04:15.

Edna Kiplagat wa Kenya alishinda Boston mwaka 2017 akiwa na miaka 37, na mwaka 2024 akiwa na miaka 44 akashika nafasi ya tatu pale pale.

Na Ed Whitlock wa Kanada, huyu ni mzee kweli kweli. Mwaka 2004 alikimbia maratoni kwa 2:54:48 akiwa na miaka 73. Wakati fulani goti lilimweka nje muda mrefu, akarudi, na mwaka 2016 akamaliza maratoni ya Toronto kwa 3:56:34 akiwa na miaka 85. Alifariki mwaka 2017. Mazoezi yake alikuwa akiyafanya makaburini karibu na nyumbani kwake, akizunguka taratibu kwa saa nyingi, bila kumkimbiza mtu.

MJOMBA YUKO WAPI SASA

Alimaliza wiki 12 za tofali. Akafanya mtihani, akafaulu. Akaanza dakika moja moja, na aibu yote ya kutembea barabarani huku wenzake wanampita wakimpungia mkono. Wiki ya tatu kisigino kikakaza asubuhi, akarudi wiki ya pili bila ubishi. Nilijua hapo kwamba amebadilika, maana yule mtu ni mbishi.

Sasa hivi anakimbia dakika 35 mfululizo, tambarare tu. Bigwa bado hatujapanda. Juzi nilimuuliza lini, akaniambia: "Mjomba, mlima hauhami." Nikanyamaza.

Wadau, hii makala haichukui nafasi ya daktari, ukiwa na wasiwasi nenda kapimwe. Mwenye uzoefu wake, au mtaalamu anayeona nimekosea mahali, aandike hapo chini tusahihishane. Na wewe mwenye mzee nyumbani, mprintie. Tupo pamoja.